Namna ya Kukwanguliwa Mgongo Bila Kupoteza Heshima

Kabla ya yote, hakikisha mgongo wako unauma kweli. Wapo watu wanaokwenda kwa fundi wa masaji ya Kichina wakiwa wazima kabisa, wamevutwa na picha walizoziona kwenye simu, wakatoka na maumivu ambayo hawakwenda nayo. Usiwe miongoni mwao. Hapa mtaani Hewa Bora, Lubumbashi, kuharibu mgongo hakuna gharama. Panda pikipiki ya manseba, bodaboda wetu, wakati wa kiangazi, wewe na abiria mwenzako na mfuko wa unga katikati yenu, halafu yaachie mashimo ya barabara yafanye kazi yake. Ama amka saa kumi za usiku ukachote maji, bomba la nyumbani likiwa linakohoa hewa tupu: bidoni ya lita 20 ina kilo 20, hujahesabu bidoni yenyewe wala utelezi wa njiani. Mwenye nguvu zaidi asukume baiskeli ya makala, yaani mkaa, kutoka porini hadi mjini. Na kama wewe ni mtu wa ofisini, kaa tu kitini, inamisha shingo kwenye simu tangu asubuhi hadi jioni. Utafika palepale alipofika msukuma makala, ila viatu vyako vitakuwa safi.

Mgongo ukishakuwa tayari, jifunze majina. Asiyejua majina hulipa bei ya mgeni. Tui na ni kukanda: fundi anasukuma, anakamata nyama, anabonyeza kwa kidole gumba, anabingirisha mgongo wa mkono wake juu ya msuli wako, na akiona unapumua vizuri mno analeta kiwiko. Ba guan ni kuumika: vikombe vinabandikwa, hewa ya ndani inapunguzwa, ngozi inapanda kikombeni. Gua sha ni kukwangua: mgongo unapakwa mafuta, kisha unakwanguliwa kwa kipande cha pembe ya nyati, cha jiwe la jade, au kwa kijiko cha supu cha kauri, mpaka vitokee vidoadoa vyekundu. Vidoadoa hivyo ndivyo mteja anavyolipia. Asipoviona hudai chenji.

Ukiulizwa dawa hii inafanyaje kazi, jibu: "Ni mambo ya mzunguko." Mzunguko wa nini, usiseme. Wakikubana, kimbilia kwa wazee. Kitabu cha tiba cha Kichina, Huangdi Neijing, chenye umri wa yapata miaka 2000, kinafundisha kwamba mwilini mna njia kuu 12 zinazopitisha qi, nguvu ya uhai, na pale njia inapoziba ndipo panapouma. Kitabu hichohicho kinaulaumu sana upepo, hasa ule unaoingilia kisogoni. Mama yeyote wa Lubumbashi anayemfunga mtoto kitambaa shingoni mwezi wa saba, baridi ya Katanga inapouma alfajiri, angesomewa ukurasa huo asione jipya.

Lakini siku hizi qi haitoshi. Mteja aliyesoma anataka fasia. Fasia ni utando unaofunika misuli na kuishikanisha, na ukitaka kuuona usisumbuke na vitabu, nenda Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, ukasimame kwa muuza nyama. Ule utando mweupe, mwembamba, unaong'aa, anaouchuna kwa ncha ya kisu juu ya paja la mbuzi huku akikuambia nyama ni ya leo asubuhi, ndio huo. Nawe unao, kuanzia utosini hadi unyayoni. Mafundi wanasema fasia yako imekaza, imegandana, na wao wataifungua. Usimwulize fundi anaifunguaje. Mwaka 2008 wataalamu huko Marekani walipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa ili kuubonyeza au kuuvuta utando mgumu wa paja na wa wayo kwa asilimia 1 tu, wakakuta nguvu hiyo inapita uwezo wa kawaida wa mikono ya mtu.

Sasa mbona watu wanatoka pale wamelegea, wanatabasamu, wanawasamehe hata wadeni wao? Kwa sababu ngozi na misuli vina mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo ikishikwa vizuri inaupelekea ubongo habari za amani. Damu nayo huchangamka: mwaka 2007 watafiti waliwakwangua watu 11 wazima, wakapima, wakakuta mtiririko wa damu katika ngozi iliyokwanguliwa umeongezeka mara nne. Ongezeko hilo la mara nne lilidumu kwa dakika saba na nusu za mwanzo. Ni muda wa kutosha kuvaa shati, kufunga vifungo na kugombana kuhusu bei. Ongeza pia kwamba kwa nusu saa nzima umelala chini na hakuna aliyekuita jina lako kukuomba kitu, na mimi kwa upande wangu naamini hiyo ndiyo dawa yenyewe. Ila haiuziki ikiwa peke yake, lazima ije na vikombe.

Chagua fundi. Mtaani kwetu kibao ndicho cheti, na kibao kizuri kina joka. Kikiwa na joka na bado kinatangaza kunyoa nywele, kuchaji simu na kuuza makala kwa rejareja, usikidharau: huyo walau ana kazi nyingine ya kumlisha, kwa hiyo hatakung'ang'ania urudi mara kumi. Mwulize alikosomea. Akisema "China", mwulize mji gani, kisha tazama dari ili asione aibu. Akisema "nilifanya kazi kwa Wachina", elewa kwamba huenda alikuwa dereva wa lori la madini, na dereva wa lori anajua mengi kuhusu mgongo, ingawa si kuhusu kuuponya. Akisema "mimi ni kipaji tu, nilioteshwa", chukua shati lako.

Wachina wenyewe, tuseme ukweli, hawakuja Katanga kwa ajili ya migongo yetu. Walikuja kwa shaba na kobalti. Mkataba wa madini wa Sicomines wa 2008 ulizipa kampuni zao asilimia 68 na Gécamines, kampuni ya serikali yetu, ikabaki na 32. Mwaka 2016 kampuni yao ya CMOC ikanunua sehemu ya Wamarekani katika mgodi wa Tenke Fungurume. Na wadogowadogo wakafuata na maduka, tanuri na malori yao. Lakini mtu hasafiri akauacha mgongo wake nyumbani. Fundi mitambo aliyelala kwenye kitanda cha kambi miezi sita anahitaji kukandwa, anamwomba mwenzake, Mkongomani anayefagia pembeni anaona, na elimu huanza hivyo. Madaktari wao walikuwa wametangulia zamani kwa njia ya serikali: Zanzibar ilipata kikosi chake cha kwanza mwaka 1964, na Kongo yetu, enzi hizo ikiitwa Zaire, ikapata chake mwaka 1973. Hao walikuwa na sindano na vyeti. Fundi wetu ana vikombe na joka.

Hapa simama kidogo, maana kuna mtu tumemruka.

Kambo wako, yule mzaa mama, alikuwa na pembe. Ilikuwa ya mbuzi au ya ng'ombe, imekatwa ncha, ikaachwa tundu dogo. Mtu akija anajishika kiuno, kambo anamkalisha kwenye mkeka, anapapasa mgongo kwa vidole viwili mpaka mtu aguse paa kwa sauti, kisha anabandika pembe papo hapo kwa upande wake mpana. Anaweka mdomo kwenye ncha, anafyonza mpaka mashavu yanazama, na bila kuachia anasukuma kwa ulimi kibonge cha nta alichokuwa amekificha ndani ya shavu, anaziba tundu. Pembe inabaki imening'inia mgongoni peke yake. Anaigonga kwa ukucha na kusikiliza: ikilia vizuri imeshika, ikilia vibaya anaanza upya. Hakuwa na kibao. Malipo yalikuwa kuku, au ahadi ya kuku.

Watu wa pwani nao wana pembe hiyo, wanaiita chuku, na wamekuwa na waumishi tangu zamani. Hata Wachina walianza na pembe kabla ya kioo. Katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa mwaka 1973, walikuta maandishi ya tiba kwenye hariri, na humo pembe imetajwa kwa ajili ya kutibu bawasiri. Sitaeleza inabandikwa wapi. Nasema tu, bila kupiga chuku, kwamba babu wa Mchina na kambo wako wangekutana barabarani wangeelewana bila mkalimani.

Kilichotokea baadaye unakijua. Shuleni tuliambiwa pembe ni ushenzi, kanisani tukaambiwa ni uchawi, na sisi wenyewe, tulipopata viatu, tukaona haya kumwita mgeni nyumbani wakati kambo ana mtu mkekani. Pembe ikatupwa. Kisha ikarudi kwa ndege, safari hii ni ya kioo, ina sanduku lenye velveti nyekundu, na bei yake inatajwa kwa dola. Wale waliokimbia mkeka sasa wanapanga foleni. Mchungaji aliyehubiri dhidi ya pembe anakuja Jumatatu, siku ambayo waumini wanapumzika, na anaomba chumba cha nyuma.

Ukitaka kumrudishia kambo heshima yake, nenda ukamweleze. Mazungumzo huwa mafupi.

"Kambo, banaweka chupa mu mugongo, banatosha hewa, nyama inapanda."

"Na pembe yangu mulitupa wapi?"

Kwa haki, kikombe kina jambo moja ambalo pembe haikuwa nalo: kinaoshwa, unakiona kikiwa safi. Pembe ilitoka mdomoni kwenda mgongoni na kurudi mdomoni, na pale ilipotumika kutoa damu, wembe mmoja ulichanja chale za ukoo mzima. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini aina ya B havijali kama fundi ni kambo, Mchina au mchungaji. Kwa hiyo neno "damu" likitajwa tu, wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako, na ukishatumika utupwe mbele ya macho hayohayo. Hapo sifanyi mzaha.

Sasa siku yenyewe. Kula kitu, hata kama ni bukari ya jana. Usipitie bia kwanza ukidhani itakulegeza. Itakulegeza ulimi, utamwambia fundi mambo ya nyumbani kwako, na fundi anakaa mtaa uleule. Vaa singleti isiyo na matundu. Lala kifudifudi, uso ndani ya lile tundu la kitanda, au kwa wengi wetu, uso kwenye mkono wako mwenyewe. Fundi ataanza na mkono, na uchunguzi utakwenda hivi:

"Papa, uko na bugumu sana huku."

"Ni fasi yote, dokta."

"Unabebaka nini?"

"Miye sibebake kitu. Niko mwalimu."

"Eeh. Basi ni madeni."

Usibishe. Hujawahi kupimwa kwa usahihi namna hii, na hata mashine ya eksirei haikuona.

Vikombe vya moto vinafuata kama kuna spiriti. Fundi anashika pamba kwa koleo, anaichovya, anaiwasha, anaiingiza ndani ya kikombe na kuitoa upesi, kisha anabandika. Hewa iliyopata moto inapoa, inanywea, na ngozi inavutwa juu. Kabla hujalala, tazama nyusi za fundi. Kama zimeungua, shukuru na uondoke. Vikombe vya plastiki vyenye pampu ya mkono, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya Wachina mjini, havina fahari hiyo ila haviunguzi mtu, na havitegemei umeme. Ile taa nyekundu ya kupasha mgongo joto inategemea. Umeme ukikatika katikati ya tiba, fundi atasema joto limekwisha kuingia la kutosha. Mradi asikuache na vikombe mgongoni akaenda kununua salio la simu: dakika tano hadi kumi zinatosha, zaidi ya hapo ngozi huanza kutoa malengelenge.

Kukwanguliwa ni jambo jingine. Kifaa kinalazwa kidogo, mafuta yawe mengi, na mkono uende upande mmoja, kutoka shingoni kushuka begani, kutoka uti wa mgongo kwenda mbavuni. Anayekwangua huku na huku anakuna sufuria. Uti wenyewe haukwanguliwi. Itawasha, itachoma, na ukifika mara ya ishirini utaanza kukumbuka kwamba nyumbani mna kijiko kama hicho na mtoto asiye na kazi. Wazo hilo ni halali. Mbinu ya kukanyaga mgongo ipo kwenye masaji ya Kichina, fundi akijishika kwenye fito za juu, na baba wengi wa Hewa Bora wanaijua tangu zamani: unalala sebuleni, unamwita kitinda mimba atembee juu yako kutoka kiunoni hadi mabegani. Angalia tu umri wake. Mtoto wa miaka minne ni tiba. Wa kumi na miwili ni kesi ya hospitali.

Alama zitakapotokea, fundi atakuonyesha kwa kioo au kwa picha ya simu na kusema, "Unaona sumu inavyotoka?" Tikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ulijua. Sumu haijatoka, ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka chini ya ngozi, na kazi ya kutoa sumu inafanywa na ini na figo bila kibao. Kwenye ngozi yetu vidoadoa havionekani vyekundu kama kwenye picha za Beijing; vinakuwa vya zambarau iliyofifia, na mteja mbishi atadai hajakwanguliwa. Vya gua sha huondoka baada ya siku chache. Miduara ya vikombe hukawia zaidi, wakati mwingine wiki nzima na ushei.

Tumia muda huo. Mwaka 2016, mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani aliingia kwenye bwawa la Olimpiki ya Rio akiwa na miduara ile mabegani, akatoka na medali za dhahabu, na dunia nzima ikaanza kununua vikombe. Wewe huna bwawa, lakini una fulana yenye shingo pana. Pita mbele ya kituo cha manseba polepole. Wakikuuliza, taja Phelps kabla hujamtaja jirani aliyekufanyia.

Nyumbani ni kazi ngumu kidogo. Mke anayekuta miduara saba mgongoni mwa mume haanzi na Phelps. Peleka ushahidi kabla ya kuvua shati: risiti, picha ya kibao, na ikiwezekana fundi mwenyewe. Usidhani ni mzaha. Wachina walitengeneza filamu nzima kuhusu jambo hili, *Gua Sha*, ya mwaka 2001, ambamo familia ya Kichina huko St. Louis, Marekani, inaingia mahakamani kwa sababu babu alimkwangua mjukuu aliyekuwa akiumwa tumbo, na wakubwa wa ustawi wa watoto wakaona mgongo.

Wasiokwanguliwa ni hawa: mwenye kidonda au upele mahali penyewe, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito tumboni na kiunoni, mwenye mguu uliovimba ghafla, na mwenye ganzi inayoshuka mguuni au haja ndogo isiyomtii, huyo aende hospitali leo. Na mwenye homa. Hapa Lubumbashi mwili unaouma wote pamoja na baridi ya mifupa mara nyingi ni malaria, na malaria haina fasia. Fundi wa kweli atakugusa paji la uso, atafunga mafuta yake na kukuelekeza kwenye kipimo. Akikuelekeza huko hajaisaliti China. Karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kitabu cha dawa za dharura, na wanaoandika historia ya kuumika hukitaja kila mara kwa sababu ya pembe zake. Kitabu hichohicho kinaeleza namna ya kuloweka mmea wa qinghao, kuukamua na kunywa maji yake kwa ajili ya homa. Mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, aliisoma sentensi hiyo, akatoa humo artemisinini, akapewa Nobel mwaka 2015. Vidonge unavyopewa zahanati vinatoka kwenye ukoo mmoja na vikombe, ila vyenyewe vimepimwa.

Baada ya tiba kuna masharti, na fundi atayasoma kwa sauti ya hakimu. Usioge maji baridi: basi washa makala, chemsha, au soma upya habari za bomba hapo juu. Kunywa maji ya uvuguvugu: makala yaleyale. Usibebe kitu kizito siku mbili: mwambie aliye nyumbani, na ujiandae kusikia jibu. Usipigwe na upepo mgongoni. Fundi amesisitiza sana hilo la upepo, amekufunika taulo, amekufungia dirisha, na sasa yuko barabarani anakuitia manseba wa kukupeleka nyumbani. Mwambie dereva wewe ni mgonjwa, aende polepole. Atakubali.

Jishike.